Bomba Katika Sebule ya Bwana Usafi

Jumanne, 3 Februari

Koki ya jikoni leo imekohoa mara tatu, ikatema maji kijiko kimoja, kisha kimya. Mtu mwingine angebabaika. Mimi nilikunywa chai kwanza. Nusu kikombe. Maji yenyewe ndiyo yalikuwa hayo.

Nikaenda kisimani, nikaweka sikio juu ya kifuniko, nikatoa hukumu: pampu imekufa. Dakika moja! Kuna watu wanakaa darasani miaka saba na hawana sikio hili. Si bure mtaa mzima unaniita Injinia. (Nilifanya kazi ofisi ya maji miaka miwili. Nilikuwa nasoma mita. Lakini nilisoma na mengine.)

Kisima chetu ni cha kuchimbwa kwa mashine, mdomo mwembamba, ndoo haipiti. Pampu iko kule chini kabisa, inasukuma maji juu. Ikifa, umekaa juu ya maji na kiu yako, kama mtu aliyesahau ufunguo ndani ya nyumba.

Mke wangu alitoka moja kwa moja akaenda kusimama mbele ya miche yake. Miche elfu moja na mia nane ya parachichi, kila mmoja kwenye kiriba chake cha plastiki, chini ya neti uani. Ameilea miezi saba. Jumamosi saa nne Mwalimu Mkuu wa shule ya wasichana anakuja kuichukua, na ameshatamka: mche ulionyauka haupandi gari lake. Hii ndiyo oda ya kwanza ambayo mke wangu amepata kwa barua yenye muhuri. Barua ameitundika ukutani kando ya picha ya harusi yetu. Juu kidogo ya picha.

Jua la mwezi huu halina utani. Siku mbili bila maji, miche inainamisha shingo. Siku nne, kwaheri.

Akasema anampigia mdogo wake. Mdogo wake, shemeji yangu, ni fundi pampu. Nikamwuliza, pampu ile aliiweka nani miaka sita iliyopita? Si mimi? Peke yangu? Akasema ndiyo, ndiyo maana anampigia mdogo wake.

Hapo akili ikafanya kazi. Shemeji akiitoa pampu yangu, ataona viungo vyangu. Akiona viungo vyangu, kila ukoo ukikutana nitakuwa kichekesho. Bado anasimulia lile geti nililofunga juu chini. Nikamwambia mke wangu, tulia mama, nimeshampigia. Yuko safarini. Anarudi Jumapili. Kazi hii nitaifanya mwenyewe, kesho mchana unamwagilia.

Kisha nikajifungia chooni nikampigia shemeji. Nikamwambia dada yako amekukasirikia vibaya sana. Usije mpaka Jumapili, na akipiga simu usipokee, sauti yako itamchoma. Mimi nampoza taratibu. Akauliza amekosa nini. Nikamjibu, "Shemeji, wewe unajua."

Akasema basi, atangoja Jumapili. Kila mwanamume ana kitu anachokijua.

Nimejenga ukuta pande zote mbili! Nimelala kama mtoto.


Jumatano, 4 Februari

Tumeitoa! Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umekwisha.

Niliwakusanya wanaume wanne kutoka kwa kinyozi. Nikawapa somo. Bomba la plastiki lile gumu halikunjwi. Ukilikunja linapata kovu, na kovu likiingia kisimani linapasuka. Kwa hiyo linavutwa likiwa limenyooka, wanaume wanatembea nalo. Wakauliza linatembea mpaka wapi. Nikasema hapo hapo tu.

Sasa, uani kwetu kutoka kisimani mpaka getini ni hatua kumi na mbili. Kina cha kisima, kwa kumbukumbu yangu, kilikuwa hatua kama thelathini. Nikaona busara kumtembelea jirani wa ng'ambo ya barabara, mstaafu mmoja tunayemwita Bwana Usafi. Geti lake linatazamana na letu, mlango wake wa mbele unatazamana na geti, na mlango wake wa nyuma unatazamana na wa mbele. Mungu mwenyewe aliipanga ile nyumba kwa ajili ya kazi hii. Lakini Bwana Usafi ana vigae vyeupe. Wageni wanavua viatu getini, siyo mlangoni. Nikamwambia, jirani, bomba litachungulia tu kwenye kibaraza chako.

Tukavuta. Bomba likatoka getini. Likavuka barabara. Waendesha pikipiki wakasimama, wakapiga honi, kisha wakashuka kutoa ushauri. Likafika kwenye kibaraza cha Bwana Usafi, likachungulia. Likaingia sebuleni. Mimi niko kisimani navuta, sioni, nasikia tu sauti yake ikisema "basi, basi, basi jamani!" Nikapiga kelele kwamba bado. Likapita chini ya meza ya kahawa, likapita jikoni, likatokea nyuma, na ncha yake ilipogusa ukuta wa uani kwake ndipo pampu ikatoka kisimani kwangu. Hatua sitini na tano!

Nilipokwenda kumshukuru nilimkuta kwenye kochi amekunja miguu juu, ndara mkononi. Bomba zima lilikuwa na utelezi wa rangi ya kutu. Vigae havikuwa vyeupe tena. Nikamwambia rangi ile inapendeza, inaleta joto nyumbani. Akauliza linaondoka saa ngapi. Nikasema mara moja.

Pampu yenyewe imetoka ikiwa imevaa tope mpaka kiunoni. Matumbo yameliwa na mchanga. Mke wangu akauliza kwa nini pampu ina tope. Nikamwambia siyo tope, ni madini. Akaitazama kamba niliyoifungia miaka sita iliyopita, akasema, "Baba watoto, hii si kamba yangu ya kuanikia nguo?" Ndiyo iliyokuwa. Mwaka ule tuliwashuku watoto wa jirani.

Tatizo dogo: pampu mpya hatuna bado, na bomba halikunjwi. Basi linakaa pale pale. Bwana Usafi atalala milango miwili wazi. Nimemwambia hewa safi ni dawa.

Na bado ametugawia maji ya koki yake, ndoo tatu. Mtu mwema. Mke wangu amegawa ndoo tatu kwa miche elfu moja na mia nane kwa kikombe cha dawa ya kikohozi.


Alhamisi, 5 Februari

Kabla ya jua nimebeba ndoo arobaini kutoka kwa Bwana Usafi. Arobaini, peke yangu, nikiruka bomba lake kila safari. Sitaki sifa. Naandika tu ili ijulikane. Viganja vimetoka malengelenge kama maharage. Mke wangu alipoamka akakuta nusu ya miche imelowa, akanitazama, akanitafutia mafuta ya kupaka. Na alinipaka mwenyewe.

Ile nusu nyingine imeanza kuinamisha shingo.

Saa tatu dukani. Mwenye duka la pampu ni mama mmoja mnene wa maneno machache. Aliniuliza maswali matatu. Kisima kina urefu gani? Nikajibu kirefu. Umeme wa nyumbani una nguvu gani? Nikajibu ya kutosha. Mdomo wa kisima una upana gani? Hapo nilikuwa nimejiandaa: nikamwonyesha kwa mkono. Shibiri moja na kidole. Akauliza nimepima ndani au nje. Nikacheka. Upana ni upana, mama.

Akaniletea tatu. Mbili zilikuwa nyembamba kama chupa za soda. Ya tatu, jamani! Imenenepa, inang'aa, ukiigonga inaitika. Akasema ile ni ya mashamba. Nikasema na mimi nina miche elfu moja na mia nane, hilo siyo shamba ni nini? Nikaibeba begani mtaani ili watu waione.

Haikuingia. Ilisimama kwenye mdomo wa kisima kama ng'ombe kwenye mlango wa banda la kuku. Nikaizungusha. Nikaibembeleza. Nikaleta sabuni ya vyombo. Mke wangu akaniondolea sabuni mkononi, jinsi unavyomwondolea mtoto kisu.

Nikairudisha. Kwenda niliibeba begani, kurudi nimeizungushia gunia. Yule mama wa duka akapima karatasi niliyokatia mdomo wa kisima, safari hii kwa ndani, akanipa moja ya zile chupa za soda. Akaniambia nisijali, mimi ni wa nne tangu mwaka uanze, na wote wanne walikuwa wanaume wenye uhakika. Nimelipokea hilo kama pongezi.

Jioni shemeji amepiga simu. Anauliza dada amepoa? Nikasema ndio kwanza anachemka. Akasema hali chakula vizuri, dhamiri inamtafuna. Nikamhurumia kwa kweli. Ni kijana mzuri. Nikamwambia avumilie mpaka Jumapili.

Mke wangu naye amesema anashangaa, amempigia mdogo wake mara tatu hapokei. Nikamwambia huko aliko mtandao ni hafifu. Akauliza ni wapi huko. Nikasema ndani ndani.


Ijumaa, 6 Februari

Siku ya siku. Niandike kwa utulivu.

Nilifunga pampu kwenye bomba mwenyewe. Nikaunga nyaya, nikazungushia utepe ule wa kufungia maboksi, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka kiungo kikawa kama ngumi ya bondia. Juu yake mfuko wa plastiki. Juu ya mfuko utepe tena. Maji gani yatapita hapo?

Wanaume wa kwa kinyozi walirudi, watatu. Wa nne amesema ana mgongo. Wawili wakakaa uani kwa Bwana Usafi wakisukuma, mmoja barabarani, mimi kisimani napokea na kushusha. Bwana Usafi alisimama katikati ya sebule yake na ufagio, akiliaga bomba hatua kwa hatua. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama ile.

Tulikuwa tumeshusha kama robo, pampu inaning'inia gizani, uzito wote umo mikononi mwangu, ndipo geti likafunguliwa.

Shemeji! Amevaa shati lililopigwa pasi. Mkononi ana keni mpya ya kumwagilia, ameifunga utepe mwekundu. Hakunitazama hata. Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake, akasema, "Dada, siwezi kungoja mpaka Jumapili. Nisamehe."

Mke wangu akamwuliza amerudi lini kutoka safari. Shemeji akauliza safari gani.

Mtu mwenye akili hapo anakimbia. Lakini nikiachia bomba, pampu mpya inakwenda kuzimu. Nikabaki nimelikumbatia, nikatazama mawinguni. Hayakuwepo hata mawingu.

Na mambo yangeweza kutulia, ila shemeji alikuwa amekuja na toba yake na toba ikishafunguliwa haizibiki. Akasema anajua kosa lake. Akasema ni yeye aliyevunja kile kioo cha kabati la harusi. Siyo paka.

Hata wale wawili nyuma kwa Bwana Usafi waliacha kusukuma. Mke wangu alimfukuza yule paka miaka tisa iliyopita. Alimpenda sana. Akasema taratibu, "Mwosha Miguu hakufanya kitu?" Ndilo lilikuwa jina la paka. Shemeji akatikisa kichwa. Mke wangu akakaa kwenye ndoo.

Kisha wote wawili wakageuka, wakanitazama mimi.

Sitaandika yote yaliyosemwa. Karatasi ina heshima yake. Mke wangu alisema miche ile si ya kuonyeshana uanaume. Alisema amekuwa akiigawia maji kwa kikombe cha dawa huku mdogo wake yuko mitaa miwili tu kutoka hapa, anakonda kwa dhamiri. Alisema kuna miche mia tatu ambayo haitaiona kesho isipopata maji leo. Afadhali angenipiga kwa ndoo.

Shemeji akavua shati lake la pasi, akalitundika getini, akasema, "Shemeji, tuitoe." Nikasema inakaribia kufika. Akasema tuitoe.

Ikatoka. Bomba likarudi tena sebuleni. Nilimsikia Bwana Usafi akitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu.

Shemeji alifungua kiungo changu, utepe mita na mita. Akaniuliza nilikuwa naunga nyaya au nafunga zawadi. Ndani ya mfuko mlikuwa tayari na maji kikombe kizima. Akaunga upya, akavalisha mpira unaosinyaa ukipigwa moto, akaubana mpaka ukawa ngozi. Kisha akafunga jiwe kwenye uzi, akalizamisha kisimani, akapima. Akasema sasa ameelewa kwa nini ile ya kwanza ilikufa: niliilaza juu ya tope. Inatakiwa ining'inie mita tatu kutoka chini, isinywe mchanga. Nikamweleza kwamba niliishusha mpaka mwisho makusudi, iyawahi maji kabla ya pampu za majirani. Akakata mita tatu za bomba, akanipa nishike. Kamba alifunga mpya, ya kwake, kisha tukaishusha pampu.

Saa kumi jioni akawasha. Koki ikakohoa. Yakatoka mekundu, kisha rangi ya chai, kisha, jamani, meupe! Mke wangu alishika ile keni yenye utepe mwekundu, akaanza mstari wa kwanza. Mimi nikashika ndoo, nikaanza kutoka mwisho. Shemeji katikati. Ile miche mia tatu niliinywesha mimi mwenyewe, mmoja mmoja, nikiiomba samahani. Sikuona aibu. Miche haisimulii ukooni.


Jumamosi, 7 Februari

Imeinuka! Siyo yote. Sitini na mmoja imekwenda. Mingine yote imesimama kama askari siku ya gwaride.

Mwalimu Mkuu alifika saa nne kamili. Mama mrefu, miwani kwenye ncha ya pua. Alipita mstari kwa mstari, anashika jani, anainua kiriba, ananusa udongo. Mke wangu alimfuata nyuma, mikono ameificha ndani ya vitenge. Nilitamani kumsaidia kueleza lakini shemeji alikuwa amenishika mkanda kwa nyuma.

Mwishoni Mwalimu Mkuu akasema hajapata kuona miche iliyotunzwa hivi. Akaomba mingine. Elfu nne, kwa mwezi wa tisa! Mke wangu alisema ahsante kwa sauti ndogo, kisha akaingia jikoni, na tulisikia huko ndani kishindo kimoja cha furaha, kama mtu ameruka na kutua.

Sharti la mke wangu kwangu lilikuwa moja: niombe radhi kwa mdogo wake na kwa Bwana Usafi, mbele ya watu. Niliomba. Dakika ishirini. Nilieleza chanzo cha tatizo, uchunguzi wangu, ndoo arobaini, na jinsi nilivyoshika bomba bila kuachia wakati wengine wangekimbia. Bwana Usafi akauliza radhi yenyewe inaanza lini. Watu walicheka, na mimi nikacheka, kisha nikaenda kwake na brashi na nikasugua vigae vyake mpaka adhuhuri. Vimerudi kuwa vyeupe. Karibu vyote.

Shemeji nimemwambia kweli, mbele ya dada yake: wewe ni fundi. Alishindwa pa kutazama.


Jumatano, 11 Februari

Nimefikiri siku nne. Nimejua kosa langu lilikuwa wapi.

Uongo. Uongo ndio ulioniponza. Kama shemeji angekuwa safarini kweli, nani angefungua geti lile? Nimeapa: sitasema uongo tena nyumbani mwangu.

Sasa, miche elfu nne inataka maji zaidi ya mara mbili. Hesabu ya darasa la nne. Na mle kisimani, chini ya pampu, kuna mita tatu za maji zimelala tu, zinakula bure. Nina kile kipande alichokikata. Ningeweza kukiunga kwa juu, lakini kiungo cha juu kila mtu atakiona na ataleta maneno. Nitakiunga chini kabisa, karibu na pampu. Maana yake bomba lote litoke. Asubuhi moja tu.

Na shemeji? Nimemtafutia kazi. Kazi ya kweli! Nilikwenda shuleni mwenyewe, nikamsifu kwa Mwalimu Mkuu, na kumbe dada wa Mwalimu huyo ana visima vitatu vinavyosumbua, mji wa mbali, safari ya siku nzima. Shemeji ameondoka leo alfajiri kwa basi. Alinikumbatia kituoni, machozi yakimlengalenga, akasema hakujua kwamba nampenda hivyo. Nampenda. Na atakaa huko majuma mawili.

Mke wangu ameniuliza kwenye chai kama ni kweli mdogo wake yuko safarini. Nimemtazama machoni bila kupepesa. Raha ya ukweli ni hiyo! Akafurahi, akaenda zake shuleni kuwaonyesha wasichana namna ya kupanda.

Wanaume wa kwa kinyozi wanakuja saa tatu. Wawili. Nimeshazima umeme, nimeanza kulegeza nati za kifuniko. Ng'ambo ya barabara nimesikia komeo la mlango wa Bwana Usafi likiingia, kisha la pili, kisha kitu kizito kinaburutwa sakafuni. Kabati, nadhani.

Atafungua. Bomba likifika, atafungua.